Macho Yaliyoijaribu Shampuu Yetu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, ndugu Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, wazazi na walezi mlioacha shughuli zenu, wahitimu wa ususi na urembo, na nyinyi wapishi mnaotusikiliza kutoka dirishani: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa niage kwa maneno machache. Najua mwalimu anayestaafu akisema "machache", watu hujiweka sawa kwenye viti. Nitajitahidi.

Wengi wenu mnajua nimefundisha hapa miaka kumi na tisa. Wanaojua nilikotoka ni wachache. Kabla ya ualimu nilifanya kazi katika chumba cha majaribio cha kiwanda cha vipodozi, na kazi yangu ilikuwa kuwashika sungura. Sungura aliingizwa katika kisanduku kilichomwacha kichwa tu nje, mimi nikaivuta kope yake ya chini kwa kidole gumba, mtaalamu akadondosha shampuu. Kisha tulirudi baada ya saa moja, baada ya siku moja, baada ya siku tatu, tukaandika jicho limekuwa jekundu kiasi gani. Je, niliwaonea huruma? Ningependa kuwaambia ndiyo. Ukweli ni kwamba nilizoea, na mazoea yana tabu. Jioni nilirudi nyumbani na chupa za bure, dada yangu akafurahi, nami nikafurahi.

Mwaka juzi, wiki ya pili ya muhula, nilikuwa nafundisha kuosha nywele. Binti mmoja, ambaye wenzake humwita Bi Maswali, akainua chupa.

"Mwalimu, hapa wameandika haichomi macho. Walijuaje?"

"Walijaribu," nikamjibu.

"Kwa macho ya nani?"

"Ya watu waliojitolea."

Somo likaendelea. Mimi nilibaki palepale kwenye jibu langu.

Jioni, dada yangu mkubwa, ninayeishi naye, akaniuliza mbona sili. Nikamweleza.

"Watu wangapi wana shida, mdogo wangu," akasema, "nawe unawalilia sungura?"

"Nimemdanganya mtoto wa watu, dada."

Akanisogezea sahani. "Basi kesho kamwambie."

Nikaenda. Nilisimama mbele ya wanafunzi ishirini na wanane, nikasema: jana nilisema uongo, macho yale niliyafumbua mimi, kwa kidole hiki. Hakuna aliyenizomea. Ningezomewa ingekuwa nafuu.

Mkuu wa Chuo akaniita ofisini. "Mwalimu, unajua stoo yetu imejaa bidhaa za nani?"

"Za kiwanda kilekile."

"Na wanatuletea kama msaada."

"Najua, mkuu."

Akavuta karatasi. "Umeniongezea kazi," akasema, akaanza kuandika barua ya kukiuliza kiwanda kinajaribu vipi bidhaa zake. Jibu lilikuja na kurasa mbili za shukrani, lakini swali letu halikuguswa. Akaandika tena, mstari mmoja tu: bado mnajaribu bidhaa kwa wanyama, ndiyo au hapana? Hawajajibu hadi leo. Makatoni yakarudishwa. Ndugu Mkuu, watu wengi huwa na huruma isiyowavurugia ratiba. Yako ilikuvurugia, nami nakushukuru mbele ya mashahidi.

Wazazi, mlilalamika kwamba watoto wenu wanajifunza kwa chupa za kuhesabu, na mlikuwa na haki. Muhula ule ulikuwa mgumu. Tulikosea pia. Tulinunua losheni yenye picha ya sungura tukidhani ni alama kwamba haikujaribiwa kwa wanyama, kumbe picha ni pambo tu. Hata kopo la maziwa lina ng'ombe anayecheka. Tangu hapo tumejifunza kuuliza, na kuuliza tena. Watengenezaji wachache walitujibu waziwazi, na hao ndio tunaonunua kwao. Dada yangu, aliyeketi mstari wa tatu, siku hizi hugeuza kila sabuni dukani hadi muuzaji anamwambia, "Mama, chupa hiyo haina upande wa tatu."

Kiwanda kile bado kinauza vizuri. Siwezi kuwadanganya mara ya pili. Lakini kuna chuo kimoja kisichonunua kwao, na leo kinatoa mafundi ishirini na wanane, akiwemo Bi Maswali, na kila mmoja atakuwa na rafu yake ya kujaza.

Wahitimu, kesho mteja atalaza kichwa kwenye sinki lako na kufumba macho. Povu likimwingia atasema, "Inaniwasha," nawe utaacha kila kitu ukimbilie maji safi. Hutamwambia asubiri siku tatu. Nilipokuwa kule kwenye chumba cha majaribio, maji yalikuwapo, bomba lilikuwa hatua mbili kutoka niliposimama. Sikulifungua hata siku moja, kwa sababu hakuna aliyeweza kuniomba.

Nawashukuru kwa kunivumilia na kunipa masikio yenu. Kwaherini.