Faili Lililoonekana Takataka

Asubuhi hiyo benchi letu mbele ya duka la Fundi Simu halikuwa na utani, na mimi utani ndio unaonitoa kitandani. Nafasi ya pembeni, ya Injinia, kijana wetu aliyefariki mwezi uliopita, hakuna aliyeikalia. Dada yake alikuwa ameleta kompyuta ya marehemu ibadilishwe kioo. Humo familia ilitaka kupata programu ambayo Injinia alimtengenezea baba yao asiyeona: simu inamsomea ujumbe kwa sauti ya Injinia mwenyewe. Simu ya mzee ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, ikafa na programu yake. Fundi akabadilisha kioo vizuri kabisa, halafu, kama kawaida yake, akaifanyia kompyuta usafi wa bure.

— Niliona faili limejaa herufi ovyo, hazisomeki, akasema Fundi, kahawa ikimpoa mkononi. Nikajua takataka. Nikafuta.

— Kwenye pipa la taka je? akauliza Binti Programu, anayefanya kazi ofisi za ghorofani.

— Nalo nikalimwaga. Nikafagia mpaka chini, lisirudi. Kazi nusunusu mimi siijui.

— Basi kaka, umefuta ufunguo wa siri. Programu yenyewe ipo, Injinia kaihifadhi kwenye ghala la mtandaoni. Alitengeneza funguo mbili: wa wazi akalikabidhi ghala, wa siri ukabaki kwenye kompyuta. Zisipooana, huingii.

— Si wa wazi upo huko? akadakia Kinyozi. Tuuchukue, tuchongeshe mwenzake. Namjua mchonga funguo mmoja, balaa!

— Huo hauchongeki. Ndio usalama wenyewe.

— Tuingie kwa nywila, lile neno lake la siri, akasema Fundi.

— Hatuijui. Ukiomba mpya, wanatuma namba kwenye laini yake, na laini imeshafungwa.

— Niwaandikie wenye ghala, akasema Mwalimu mstaafu. Na wao wana wazazi. Nitawaandikia mpaka walie.

— Watakuuliza wewe ni nani yake, Mwalimu.

— Basi mimi namwigiza! Kinyozi akasimama. Nirekodini. Injinia nilikuwa namwigiza hapahapa, mnacheka. Mzee atajuaje?

Tukamtazama mpaka akakaa mwenyewe. Aliona haya, na sisi tuliona haya zaidi, maana kila mmoja wetu alikuwa ameshaliwaza hilo.

Fimbo ikasikika inagonga lami.

— Shikamoo, mzee, tukamwamkia.

— Marahaba, wanangu.

Baba yake Injinia akapapasa benchi, akaikuta ile nafasi ya pembeni iko wazi, akaketi. Akanyoosha mkono wenye simu mpya.

— Fundi, binti yangu kaniambia kioo kimeshapona. Nimekuja kumsikia mwanangu. Yuko tayari?

Muuza kahawa akainamisha birika, halikutoa kitu. Binti Programu alikuwa analia bila sauti. Ile simu ilibaki hewani, hakuna aliyeipokea.

— Mbona kimya? akauliza mzee. Si nimezisikia sauti zenu tangu kule konani?