Oga Soyoye, Mkufunzi wa Mazoezi Aliyejifunza Kufagia

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Bwana Adekanmi Soyoye, tunayemwita Oga, yaani bosi, Afisa Ustawi na Mazoezi wa Shirika la Maji la Oke-Ayo, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Abeke Fadairo wa Idara ya Ankara, niandike wasifu wake kwa kuwa eti nina lugha tamu. Shauri yao.

Alijiunga na Shirika akiwa kijana mwembamba, karani wa stoo ya mabomba. Miaka michache baadaye alipelekwa Lagos kwa kozi fupi ya afya ya wafanyakazi. Alirudi na filimbi shingoni, suti ya michezo ya bluu, na imani isiyotikisika kwamba wanawake wa ofisi hii ni wavivu. Tangu hapo, kila Ijumaa asubuhi alitupanga uwanjani mistari miwili.

Wengi wetu tulikuwa tumeamka alfajiri. Tulikuwa tumeteka maji kisimani (mabomba ya nyumba za wafanyakazi wa Shirika la Maji yana mambo yake, tuyaache hivyo), tumefagia uwanja kwa fagio la chelewa, migongo imepinda, na tumefua sare za watoto kwa mikono. Wengine walifanya yote hayo na mtoto mgongoni. Oga Soyoye alitutazama kwa huruma. "Kina mama, mnakaa mno! Viungo vitaota kutu! Haya, inama, gusa vidole!" Tuliinama. Kwa kuinama hatukuwa na mpinzani.

Mafanikio yake ni mengi. Ndiye aliyetuletea mashine ya kukimbilia, ambayo ilifanya kazi vizuri siku ya uzinduzi. Umeme ulipokatika, na jenereta ikaonekana inakunywa dizeli kuliko madereva wanavyokunywa chai, mashine ile ikageuka kamba ya kuanikia vitambaa vya jikoni, na hadi leo inatumikia taifa kwa namna hiyo. Yeye mwenyewe hakuipanda. Yeye alikuwa msimamizi, na kusimamia, alituambia, nako kunachosha.

Nyumbani alisimamia pia. Mkewe, Mama Morenike, muuza vitambaa sokoni, alitwanga iyan, ule ugali wa viazi vikuu, kila Jumapili hadi mlio wa kinu ukafika kwetu ng'ambo ya ua, huku mzee akisoma gazeti na kumsubiri. Jumamosi ya usafi wa mazingira, mji mzima unapofungwa hadi saa nne tuzibue mitaro, Mama Morenike alikuwa mtaroni na koleo, na Oga Soyoye ukingoni na filimbi.

Basi mwezi wa Mei alikwenda kupimwa afya kwa ajili ya kustaafu. Daktari alitazama presha, akatazama sukari, akavua miwani. "Oga, ukiendelea hivi, pensheni yako ataila mkeo peke yake." Mzee wetu alishangaa kwa dhati, maana alijihesabu mwanamichezo. Mama Morenike hakushangaa. Alianza kuamka usiku kusikiliza kama mumewe bado anapumua.

Juni, binti yao Morenike akajifungua mtoto wake wa kwanza huko Port Harcourt. Kwetu, mama wa mzazi haulizwi kama ataenda. Anakwenda kumkanda binti kwa maji ya moto na kumwogesha mjukuu, na harudi hadi mtoto akaze shingo. Mama Morenike alisimama kituo cha mabasi na mizigo yake, machozi yakimtoka. "Baba Morenike, nakuacha na nani? Nisije nikaitwa kurudi kuzika." Mumewe akampungia mkono, akarudi kwenye nyumba ambayo hakujua hata fagio linawekwa wapi.

Wiki za mwanzo alikula mgahawani mpaka tumbo likagoma. Kisha ikafika Jumamosi ya usafi. Alitoka na filimbi kama kawaida, akaipuliza, akatazama mtaro wa nyumba yake, na mtaroni hakukuwa na mtu. Mwishowe akakunja suruali ya ile suti ya bluu na kuingia mwenyewe. Jioni alishindwa kunyanyua kijiko.

Siku ya kutwanga ndiyo iliyomtangaza mtaa mzima. Alinunua viazi vikuu vipya, vya mwanzo kabisa wa msimu, vinang'aa. Akachemsha, akatia kinuni, akatwanga. Ikawa uji. Akadhani nguvu ndizo zimepungua, akazidi kutwanga, na uji ukazidi kuwa uji, mpaka jirani yake, Alhaja Mutiat, akachungulia juu ya ukuta. "Baba Morenike! Kiazi kipya hakitwangiki, kina maji! Kula cha mwaka jana. Au humo kinuni umemtia mhasibu aliyechelewesha mshahara?" Tulicheka mpaka Jumatatu.

Lakini hakuacha. Aliteka maji, alifua, alifagia akiwa ameinama, na Jumapili mlio wa kinu ukarudi, kwanza kwa kusuasua, kisha sawasawa. Septemba, Mama Morenike aliporudi, ile suti ya bluu ilikuwa inaning'inia mwilini. Daktari alipima presha mara mbili kwa kutoamini, akauliza amenunua mashine gani.

Mtu mwingine angenyamaza. Oga Soyoye alitupanga uwanjani Ijumaa iliyofuata, akatutangazia ugunduzi: kazi za nyumbani ni mazoezi! Alikuja na fagio. Akatufundisha, sisi, jinsi ya kufagia. Mama Tawa wa masjala, mwenye wajukuu saba, alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Oga, tunashukuru. Naomba kuuliza, filimbi inapulizwa kabla ya kufagia au baada?" Mzee wetu alicheka, akaivua filimbi na kumvisha Mama Tawa. Hiyo ndiyo siku niliyompenda.

Kamati ilikuwa imepanga kumpa kiti cha kupumzikia, cha ngozi, chenye mahali pa kuegesha miguu. Wiki iliyopita Mama Morenike alikuja ofisini na kukaa mbele yetu bila kuvua kilemba. "Wanangu, nilimwacha mgonjwa, nimemkuta mzima. Sasa usiku nalala. Mkimpa kiti, mnanirudishia mgonjwa wangu."

Kwa hiyo kile kitu kirefu mnachokiona mezani, kilichofungwa karatasi ya dhahabu, ni mchi. Umechongwa kwa mti mgumu, na jina la mzee wetu limechomwa ubavuni. Oga Soyoye, ahsante kwa miaka yote, hata ya filimbi. Dumu na afya, uzeeke na mkeo taratibu. Jumapili sisi wa ng'ambo ya ua tutatega masikio.