Alama za Buluu Tulizozisugua

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia naomba utulivu wenu, na mlioketi upande wa tope mtuvumilie, sababu yake mtaisikia humu humu.

Marehemu, mliyezoea kumwita Ngoja Kwanza, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa tano wa fundi seremala, akasoma shule ya msingi jirani na kituo cha reli, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu mwaka 1980.

Mwaka uliofuata aliajiriwa idara ya maji, kazi yake ikiwa kuwatangulia wachimbaji na kipimo chake, kutafuta mabomba na nyaya zilizofukiwa, na kupaka rangi juu ya ardhi zinapopita, buluu kwa maji, nyekundu kwa umeme, na dereva wa kijiko cha kuchimbia aliyewasha mashine mapema aliambiwa "Ngoja kwanza" mpaka maneno hayo yakawa jina la mzee mwenyewe.

Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa, wakajaliwa watoto watatu. Binti mkubwa, karani wa benki, alimpenda sana baba yake, ila vile viatu vyenye madoa ya rangi vilimtia haya, na siku ya mahafali yake alimwomba avae vingine, naye akavaa. Mzee alipostaafu mwaka 2018 alipaka alama uani kwake, kutoka kwenye mita hadi ukuta wa jirani, kwa kuwa bomba la nyumba nne linapita hapo, wanawe wakimtania kwamba mzee anachora kiwanja cha mpira.

Figo zilianza kumsumbua Januari mwaka jana, akafariki Jumanne alfajiri. Siku hiyo hiyo, wageni wakitarajiwa, binti aliona aibu watu wakute ua umechorwachorwa, akazisugua alama kwa mafuta ya taa hadi zikatoka, na jana vijana wa hema wakapigilia chuma cha kamba palepale, kikatoboa bomba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu letu ndilo hilo tope. Baadhi yetu tulitaka tuseme bomba limezeeka tu, binti akakataa, akaomba jambo hili lisomwe lilivyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, na vijana wa hema, ambao hawana kosa. Majirani, tumewakatia maji nanyi mmekuja kutufariji mmebeba ndoo, hatuna pa kuficha nyuso. Wafanyakazi wenzake wako nyuma ya hema sasa hivi, suruali za msibani zimekunjwa magotini, wanaliziba bomba, na binti yuko nao shimoni. Marehemu hatatoka getini kabla maji hayajarudi kwa majirani zake.

Pumzika kwa amani, baba, na utuwie radhi.