Kabla ya Mechi ya Birika

HAIKA: Haloo? Subiri, usikate. Haloo, nani mwenzangu?

LUSAJO: Mimi.

HAIKA: Mimi nani? Nimepokea kwa kiwiko, mikono yote unga, hata jina sijaliona.

LUSAJO: Haika, ni Lusajo.

HAIKA: Oh. Lusajo. Habari za wiki nzima?

LUSAJO: Nzuri. Hapana, si nzuri. Unafanya nini?

HAIKA: Nakanda unga wa chapati. Leo si Ijumaa? Mbona unahema hivyo, umetoka mazoezini?

LUSAJO: Niko kwenye lifti.

HAIKA: Basi shuka kwanza, utanipigia ukifika—

LUSAJO: Haishuki. Imekwama.

HAIKA: Imekwama wapi?

LUSAJO: Katikati. Nimejaribu kuufungua mlango kidogo kwa vidole, nimeona ukuta. Ukuta mtupu, Haika. Nikauachia.

HAIKA: Jamani. Umebonyeza kengele?

LUSAJO: Nimebonyeza. Amejibu mama mmoja, sijui hata yuko mji gani, anasema fundi anakuja ila yuko upande wa pili wa London, na foleni ya Ijumaa naijua. Anasema nitulie.

HAIKA: Uko na nani humo?

LUSAJO: Na kapu la nguo chafu. Nilikuwa nashuka kufua, nguo za mazoezi za wiki nzima. Basi fikiria hewa yenyewe.

HAIKA: [anacheka kidogo] Sori. Nisamehe. Si Evans wa timu yenu anakaa jengo hilohilo? Umempigia?

LUSAJO: Sijampigia mtu.

HAIKA: Sasa mimi niko Stratford, wewe Thamesmead, nitakusaidia nini mimi?

LUSAJO: Sijui. Kidole kimeenda chenyewe kwenye jina lako. [anavuta pumzi] Haika, mimi na mahali palipofungwa hatuelewani. Tangu mtoto. Kifua kinabana.

HAIKA: Hujawahi kuniambia.

LUSAJO: Nani anasema mambo hayo? Mtu mzima. Kila Jumapili majitu yananirukia kutoka pande zote, nalala chini yao natema majani, siogopi. Lakini pale juu kuna mbingu. Hapa kuna taa moja, na yenyewe inakonyeza.

HAIKA: Kaa chini. Egemeza mgongo ukutani.

LUSAJO: Sakafu inanuka.

HAIKA: Inanuka nini?

LUSAJO: Usiulize.

HAIKA: Kaa hivyohivyo. Umekaa?

LUSAJO: Nimekaa juu ya jezi. Sasa ongea. Ongea chochote, usinyamaze.

HAIKA: Niongee nini?

LUSAJO: Mechi.

HAIKA: Lusajo! Tulikubaliana. Wewe timu ya Mbweha, mimi ya Korongo. Wiki ya Birika hatuongelei Birika.

LUSAJO: Nilikubali nikiwa nje ya lifti.

HAIKA: Hapana, kwa kweli. Kesho asubuhi nasimama mbele ya timu yetu yote kuwaelezea mnavyocheza. Ndiyo kazi niliyopewa, nimeangalia video zenu mpaka macho yameuma. Siwezi kukusimulia wewe.

LUSAJO: Wewe utasimama mbele ya watu? Wewe unayeuomba mlango msamaha ukijifunga?

HAIKA: Nasoma karatasi mbele ya kioo tangu Jumatano.

LUSAJO: Basi fanyia mazoezi kwangu. Mimi ni Kocha Serge. "Binti Haika, hebu tueleze hao Mbweha."

HAIKA: Serge hasemi hivyo. Serge anaguna tu, halafu watu wanaelewa.

LUSAJO: [anaguna]

HAIKA: [anacheka] Huyo ndiye. Haya. Lakini yale ya wazi tu.

LUSAJO: Ya wazi. [mkwaruzo] —onga karibu na simu, mtandao huu unakwaruza.

HAIKA: Nasema hivi. Jumapili tunawakaribisha Mbweha, majirani zetu, chuo cha ng'ambo ya mto. Hawajafungwa hata mara moja msimu huu. Sisi tumefungwa moja, tena kwa mvua. Wote tuko kundi la Kusini, na atakayeshinda ndiye kinara wa kundi. Na anaondoka na birika la ushindi.

LUSAJO: Birika lenyewe limeoza kwa kutu.

HAIKA: Kutu yetu. Tulilichukua mwaka jana.

LUSAJO: Kwa bahati. Unajua mama mpaka leo anawaambia watu wa kanisani Tukuyu kwamba nacheza mpira wa miguu? Nilimtumia picha nimevaa helmeti na yale mabega ya bandia, akaniuliza kama Uingereza mpira umekuwa wa vita.

HAIKA: Ulimjibuje?

LUSAJO: Nikamwambia ni wa Kimarekani, mpira wake umechongoka kama yai, tunaushika kwa mikono. Akasema, "Sasa si mnacheza rede." Endelea.

HAIKA: Mbweha wanapenda kukimbia na mpira kuliko kuurusha. Anayeubeba ni Evans. Mfupi, anapotea nyuma ya wale wakubwa, ukija kumwona ameshakupita na sidhani kama amekuomba njia.

LUSAJO: Nitamwambia amesifiwa.

HAIKA: Usithubutu! Halafu ukuta wao una ufa upande wa kushoto. Yule mpya. Ana nguvu, lakini baada ya mapumziko anasimama wima kama anasubiri basi. Mkimwona hivyo, piteni kwake.

LUSAJO: Masikini Harrison. Haika, una ukatili.

HAIKA: Mimi naangalia tu.

LUSAJO: Na mrusha mpira wao je?

HAIKA: [kimya]

LUSAJO: Haloo?

HAIKA: Nipo. Mrusha mpira wao ni mrefu.

LUSAJO: Hilo hata wapita njia wanaliona.

HAIKA: Ana mkono mzuri. Haogopi.

LUSAJO: Na?

HAIKA: Na ndiyo hivyo. Kuhusu hali ya hewa, wanasema upepo—

LUSAJO: Acha upepo. Harrison umemchambua kama samaki, mimi nimepewa urefu. Kuna kitu umekiona, Hai— [kishindo] Aaah!

HAIKA: Lusajo? Lusajo!

LUSAJO: Imetikisika. Imeshuka kidogo, imesimama tena. Taa imezima. Haika, taa imezima.

HAIKA: Niko hapa. Nisikilize mimi. Vuta pumzi polepole, toa. Tena. Mimi navuta na wewe. [wanahema pamoja] Tena.

LUSAJO: Kuna mtu anapiga kelele huko nje. Ni Mama Zipporah, yule Mkenya wa ghorofa ya juu. Anasema ameanza kuikemea lifti kwa jina la Yesu.

HAIKA: Mjibu.

LUSAJO: Nipo, mama! Niko salama! Asante! ... Anasema fundi ameingia getini. Anasema pia kama nina njaa atanitupia kitu, sijui apitishe wapi. [anacheka, anakohoa] Chaji yangu imekuwa nyekundu. Usikate.

HAIKA: Sikati. Lusajo, yule Mjerumani anayetafuta wachezaji, atakuja kweli?

LUSAJO: Jana amethibitisha. Anataka kuniona mechi moja tu, hii. Nikicheza vizuri, klabu yao inanichukua, wananipa chumba, kabla ya Pasaka nimehamia. Nikicheza hovyo, mjomba Severin ameshaniulizia kazi ya ghala kule Hayes. Nitapanga maboksi na shahada yangu.

HAIKA: Kwa hiyo Jumapili ndiyo kila kitu.

LUSAJO: Ndiyo kila kitu. Nilikwambia wiki iliyopita, ukanijibu "hongera" kama karani wa benki. Toka hapo kimya.

HAIKA: Nilikuwa na kazi za chuo.

LUSAJO: Sawa.

HAIKA: Ndiyo, kuna kitu nimekiona.

LUSAJO: Nilijua.

HAIKA: Kuna kitu unakifanya kabla ya kurusha. Kila mara. Ukiwa unampa Evans mpira akimbie, hukifanyi. Mtu akikijua, anajua mpira unakwenda wapi kabla haujatoka mkononi mwako. Nikiwaambia wenzangu kesho, Jumapili watakumaliza. Mbele ya Mjerumani.

LUSAJO: Serge anajua?

HAIKA: Bado. Hakionekani kwenye video, kamera yetu inakaa mbali. Nimekijua mimi.

LUSAJO: Umekijuaje, kama hakionekani?

HAIKA: Kwa sababu hata nje ya uwanja unakifanya. Ukitaka kusema jambo zito. Siku ile unaniomba namba ya simu ulikifanya mpaka nikaona aibu kwa niaba yako.

LUSAJO: Muda wote huo ulikuwa unaniangalia?

HAIKA: Usinipoteze. Nimeanza, niache nimalize.

LUSAJO: Malizia.

HAIKA: Nikinyamaza, wenzangu wanafungwa. Wale wasichana na wavulana wanaolala na barafu magotini, wananiita "jicho letu", mimi, ambaye huko nyumbani mwalimu alikuwa ananisahau darasani. Wewe unang'aa, unakwenda Ujerumani. Nikisema, timu yangu inashinda, wewe huendi popote. Wiki nzima nimejifungia na hilo. Nikigeukia huku nakuumiza, nikigeukia huku nawasaliti.

LUSAJO: Basi sema. Waambie. Ni kazi yako, Haika. Sitaki kushinda kwa sababu umenionea huruma.

HAIKA: Unasema kirahisi.

LUSAJO: Niko gizani sakafuni, sisemi kitu kirahisi. Ya Harrison si ulikuwa tayari kuwaambia?

HAIKA: Harrison ni tofauti.

LUSAJO: Tofauti gani?

HAIKA: Nikifungua mdomo kesho kuhusu Harrison, najua nimeufungua kwa ajili ya timu. Nikiufungua kuhusu wewe, sitajua nimesema kwa ajili ya timu au kwa ajili ya—

LUSAJO: Ya nini?

HAIKA: Mtandao.

LUSAJO: Mtandao uko safi kabisa. Huu usiusingizie.

HAIKA: Unafuta mkono.

LUSAJO: Nini?

HAIKA: Mkono wa kulia. Unaufuta pajani, haraka, mara moja. Halafu unarusha.

LUSAJO: Aisee. Nimeufuta sasa hivi.

HAIKA: Najua.

LUSAJO: Kwa nini umeniambia?

HAIKA: Ili ujue. Na kesho nitawaambia na wao. Watakuwa wanautazama mkono wako, na wewe unajua wanautazama. Hapo mtapambana sawasawa, anayeshinda ameshinda. Na nitamwambia Serge kwamba nimekwambia.

LUSAJO: Atakufukuza!

HAIKA: Ataguna. Akinifukuza, basi. Lakini sitasimama pale mbele nikiwa nimeficha kitu cha mtu yeyote.

LUSAJO: Wewe kweli una aibu? Mimi naanza kuwa na mashaka.

HAIKA: Ninayo. Unga wote umekauka vidoleni.

LUSAJO: Kwa hiyo sasa huna siri tena.

HAIKA: Ya mechi, sina.

LUSAJO: [polepole] Na isiyo ya mechi?

[kishindo, chuma kinakwaruza]

HAIKA: Nini hicho?

LUSAJO: Fundi! Namsikia anagonga kwa juu. Inashuka— inashuka taratibu— ah, asante Mungu, taa imerudi. Haika, simu inakaribia kuzima. Ulikuwa unasema.

HAIKA: Sikuwa nasema. Ulikuwa unauliza.

LUSAJO: Basi jibu.

HAIKA: Mimi sitaki— [mkwaruzo]

LUSAJO: Hutaki nini? Umekatika! Rudia!

HAIKA: Nitakuandikia.

LUSAJO: Usiandike! Nakujua. Utaandika, utafuta, utaandika, mimi naangalia tu vile vidoti mpaka asubuhi. Sema. Mlango unafunguka, haraka.

HAIKA: Kuna watu hapo?

LUSAJO: Wapo. Fundi, Mama Zipporah, na mtu mwingine na baiskeli yake. Wote wananitazama nimekaa juu ya nguo chafu.

HAIKA: Mungu wangu. Na umeniweka kwenye spika?

LUSAJO: Tangu taa ilipozima. Nilitaka kushika ukuta kwa mikono miwili, nimeilaza simu chini. Mama Zipporah anasema shikamoo utampa baadaye, sema kwanza.

HAIKA: Shikamoo, mama.

LUSAJO: Haika! Imebaki kidogo sana!

HAIKA: Haya. Haya. Jumapili cheza kama hujawahi kucheza. Usijizuie kwa ajili ya mtu, huyo Mjerumani akuone vizuri. Akikuita, nenda ukamsikilize. Lakini kabla hujampa jibu ujue... [anavuta pumzi] mimi sitaki uende. Umenisikia? Sitaki uende, Lusajo. Nakutaka hapa.