Benchi Fupi Mbele ya Muuguzi

Nyeri, 30 Juni 1989

Kwa Bwana Moffat Wamae

Leo Bwana Moffat Wamae anastaafu baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka ishirini na sita na miezi minne. Aliajiriwa Machi 1963, miezi tisa kabla ya bendera yetu kupandishwa. Nilidhani siku hii ikifika ningehuzunika sana. Badala yake nashusha pumzi, na nitaeleza kwa nini.

Katika daftari la wafanyakazi ameandikwa fundi seremala tangu siku ya kwanza. Ni kweli, milango mingi hapa ni ya mkono wake. Lakini kazi aliyoifanya zaidi haikuwahi kupewa jina. Alipanga jinsi mgonjwa anavyotoka getini mpaka amfikie daktari, na katika kupanga alimtazama mgonjwa kwanza, mbao baadaye.

Hakuchora kitu kabla ya kukaa. Alivua koti la kazi, akavaa kabuti lake la nyumbani, akachukua kadi na kuingia foleni kama mtu mwingine yeyote. Siku moja alikaa kwa uaminifu mpaka akafika chumba cha sindano. Dada Saumu, muuguzi aliyekuwa mgeni kazini, akamwambia, "Mzee, kunja shati." Moffat akaeleza kwamba yeye anapima tu foleni inachukua muda gani. "Basi ngoja upime na sindano," akajibiwa. Mpaka leo hawa wawili hawakubaliani kama alidungwa.

Zamani foleni yetu ilikuwa ya viondo, vile vikapu vya kufuma. Watu wa Kagio na Mwea waliofika na basi la alfajiri walipanga viondo vyao kwenye veranda, kimoja nyuma ya kingine, halafu wakaenda kuota jua ukutani. Foleni ikisogea, aliyekuwa karibu alisukuma na kiondo cha mwenzake. Ulikuwa wema, na sote tuliuamini.

Februari 1968 nilimleta mama yangu, Wachuka, kutoka Giakanja. Sikuwa nimeajiriwa hapa bado. Kiondo chake kilikuwa cha ishirini na mbili. Nilimwacha ukutani amejifunga shuka, nikaenda dirisha la kadi, ambalo nalo lilikuwa na foleni yake. Watu walimsogezea kiondo kwa upole mpaka kikafika mlangoni. Muuguzi aliita mara mbili. Mama alikuwa amefariki pale ukutani, hatua thelathini tu kutoka mlangoni, na hakuna aliyejua, kwa sababu kiondo chake kilikuwa kikiendelea vizuri.

Moffat alikuwa akitengeneza bawaba za dirisha. Ndiye aliyeniletea kile kiondo, amekibeba kwa mikono miwili. Baada ya mazishi alikuja nyumbani, akanywa chai, akaniomba nimweleze tulivyopita siku ile: nilisimama wapi, nilimwacha wapi, kama niliweza kumwona au la. Hakuna mtu mwingine wa hospitali aliyeniuliza. Nilikuwa na hasira, lakini nilimjibu kila kitu.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa kichekesho. Alipaka mistari sakafuni, mwekundu ukiwa wa walio mahututi. Ulikuwa mwezi wa Aprili, mvua imepamba moto. Kufikia saa tatu viatu vya tarafa nzima ya Tetu vilikuwa vimeleta udongo mwekundu, na sakafu yote ikawa ya mahututi. "Wee Moffat!" akapaza sauti Gicheru wa getini. "Ati hata mimi sasa niko mahututi? Nimesimama kwa mstari!" Moffat alicheka kuliko wote, kisha akachukua ndoo na kusugua mwenyewe.

Ndipo akatengeneza mabenchi marefu yenye ubao chini wa kuwekea kiondo, ili kiondo na mwenyewe wasiachane tena. Watu wakawa wanasogea wakiwa wameketi. Kisha akakalia kiti cha muuguzi siku nzima aone mwenye kiti anaona nini, akagundua kwamba kabati la dawa linamziba. Alilihamisha kabati, na pale mbele ya macho ya muuguzi akaweka benchi fupi, la mtu asiyeweza kungoja.

Hakuna aliyelikalia. Bibi mmoja wa Mwea alilitazama akasema, "Hapo ni pa kwenda mbinguni. Mimi narudi nyumbani na basi la saa tisa." Wengine walimlaumu bibi. Moffat aliliondoa benchi, akaliongeza futi mbili, ili anayemsindikiza mgonjwa akae naye. Tangu hapo halijakaa wazi asubuhi hata moja.

Mwaka 1970 niliomba kazi hapa, na watu wa nyumbani walishangaa. Sikuwaeleza kwamba kutoka dirisha la kadi benchi lile linaonekana vizuri.

Mwaka jana tuliletewa michoro ya jengo jipya la wagonjwa wa nje. Lilikuwa zuri, lenye madirisha sita, lakini benchi fupi halikuwemo. Mahali pake palichorwa maua. Sikuwa na raha tena. Moffat alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu, na baada yake nani angelisemea benchi? Yeye hakwenda kubishana ofisini. Alimwalika mchoraji wa jengo, Bwana Shariff, afike na basi la alfajiri, akampa kadi na kumweka mwisho wa foleni. Mpaka saa sita mchana Bwana Shariff alikuwa bado hajafika mlangoni, na alikuwa amempisha mama mmoja aliyekuwa akihema vibaya. Wiki iliyofuata alirudi na michoro kwapani. "Mzee," akauliza, "hilo benchi lina futi ngapi?"

Jengo lilifunguliwa Jumatatu. Kabla wagonjwa hawajaingia nililikalia benchi fupi jipya. Nilikaa upande wa msindikizaji, na upande wa mgonjwa nikaweka kiondo cha mama. Muuguzi akainua macho mara moja. "Mama Warigia," akaniita kwa jina la mwanangu, "uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Na kweli nilikuwa sawa, baada ya miaka ishirini na moja.

Bwana Moffat, tunakushukuru. Nenda shambani kwako Kagio ukapumzike, uwe na afya, ucheze na wajukuu, unywe chai bila kutazama saa. Na ukikaa kwenye benchi lolote, mahali popote, utukumbuke.

Waithira Ndungu
Ofisi ya Kadi