Saa ya Mita Hamsini

Basini, kiti cha mbele yangu, fundi cherehani alikuwa akimringishia abiria mwenzake saa mpya ya bei ya kutupa. "Kesho naanza kujifunza kuzamia, dada. Imeandikwa haiingii maji hadi mita hamsini!"

Mwenzake, mwalimu wa kuogelea mwenye filimbi shingoni, akaguna. "Hiyo ni ya kuogelea tu, kaka. Ya kuzamia tafuta ya mita mia mbili."

"Mia mbili? Mimi nikifika mita tatu tu, wifi yako mjane!"

"Sasa saa ya nini?"

"Angalau ijulikane nimezama saa ngapi."

Nilijikohoza kuficha kicheko. Basi likasimama, nje mvua ilikuwa inamwagika. Fundi akaivua saa haraka, akaifunga kwenye mfuko wa plastiki.

"Kaka! Si umesema haiingii maji?"

"Kwani hii mvua imeandikwa mita ngapi?"