Kipande cha Nne

Binti wa marehemu dada yangu alinieleza haya juzi mchana, tukikunja nguo za mama yake. Yeye ndiye Dada. Kaka yake ni mpiga picha za harusi, na siku ya simu hii, mama yao akiwa ameshafariki, alikuwa kazini.

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

KAKA: Mimi. Simu ya mpishi hii, yangu imezima. Ile video ya mama imepanda mtandaoni?

DADA: Shikamoo kwanza.

KAKA: Marahaba, marahaba. Imepanda?

DADA: Siku mbili sijatoka humu chumbani, kaka. Mtandao kobe ana nafuu. Vipande vitatu vilipanda, cha nne kikawa njiani. Na kitinda mimba ameshafika, yuko sebuleni na baba. Hata viatu hajavua.

KAKA: Si umwonyeshe!

DADA: Ndiyo nafungua huko mtandaoni... (Mkwaruzo kwenye simu.) Sioni kitu.

KAKA: Huoni vipi?

DADA: Cha kwanza hakipo. Cha pili hakipo. Cha—

KAKA: Subiri, nisogee, muziki huu... Haya. Nilikwambiaje?

DADA: Kompyuta imejaa harusi za watu mpaka shingoni. Nipakie kipande kimoja, kikifika nikifute, nipate nafasi ya kingine.

KAKA: Ulifutia wapi?

DADA: Pale pale. Kwenye folda yenye alama ya wingu.

KAKA: Lo! Ya wingu...

DADA: Kaka?

KAKA: Ile folda ni dirisha tu, dada. Ukifuta huku, na kule kumefutika.

DADA: Hukuniambia.

KAKA: Pipa la taka. Angalia kwenye pipa—

DADA: Nimelimwaga. La huku na la kule. Kila saa linaniambia nafasi imekwisha, nafasi imekwisha, nikalimwaga!

KAKA: Ewe Mola.

DADA: Kadi ya kamera! Kadi si unayo?

KAKA: Kadi...

DADA: Kaka. Kadi.

KAKA: Niliisafisha asubuhi. Uliponiambia vitatu vimefika, nikajua mambo tayari. Maharusi nimewarekodi juu yake tangu saa nne.

DADA: Basi niambie ulichosikia. Si ulimrekodi wewe? Nitampa kwa mdomo.

KAKA: Mama alinitoa nje. "Haya ni ya mtukutu wangu," akasema, "washa mtambo wako utoke." Saa tatu nzima nilikaa barazani. Naingia kubadili betri, ananyamaza mpaka nitoke.

DADA: Kwa hiyo hakuna mtu—

KAKA: Hakuna.

DADA: Miaka sita yeye na mama hawakusemezana. Pale mlangoni kaniuliza neno moja tu: "Alinisamehe?" Nikamwambia, keti, mama atakujibu mwenyewe.

KAKA: Cha nne kipo hapo kwenye kompyuta?

DADA: Kipo.

KAKA: Usikiguse! Usihamishe, usifute. Kifungue tu. Huenda alirudia... wazee hurudia.

DADA: Anakuja. Ingia, mdogo wangu. Keti hapa kitandani. Tunaanzia... tunaanzia mwishoni.

MAMA (ndani ya kompyuta): ...ndiyo hayo, mwanangu. Nimesema yote, na sirudii. Hebu mwite kaka yako aizime hii taa, inaniumiza macho.

KAKA: Hapo ndipo nilipoingia—

DADA: Nyamaza.

KITINDA MIMBA: Ndiyo yapi? Dada, anasema ndiyo hayo. Yapi?

KAKA: Mwambie... mwambie alisamehe.

DADA: Umemsikia mama akisema?

KAKA: Mwambie tu!

DADA: Siwezi, kaka. Ananitazama.

MAMA (ndani ya kompyuta): Nigeuzeni ubavu. Hivyo. Na miguu, nifunikeni miguu.

KITINDA MIMBA: Rudisha nyuma kidogo.

DADA: Nyuma hakuna kitu, mdogo wangu.

KAKA: Dada, salio la watu linaisha, na mwenye harusi ananiita. Mwambie kosa ni langu, sikia, mwambie ni—

DADA: Shhh. Mama amelala.